Ijumaa Niliyowafungulia Nguruwe Njia

Mama mkwe wangu alikuwa na shamba moja la muhogo huko kusini mwa kisiwa, kwenye ardhi ya mawe, na kiapo kimoja: hatakwenda mjini kulishwa na mkwe. Muhogo ule ndio uliomwezesha kukitimiza. Mwaka mmoja katika ile miaka ya hamsini, nguruwe wakaingia wakafukua nusu nzima.

Mimi nilikuwa mwalimu kijana Mji Mkongwe, bwana arusi wa miezi mitano, mwenye maneno mengi kuliko akili. Nikamwambia mke wangu kwamba nguruwe si jambo la kumkosesha mtu usingizi, linataka tu mtu aliyesoma. Yeye alikuwa amezaliwa huko huko.

Wanakijiji walikwisha kuwaita wasasi wenye mbwa na mikuki. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi. Mbwa wanamtoa nguruwe kichakani, wasasi wanamngoja penye uwazi, na mwenye shamba anatoa mtu wa kusimama ukutani agonge debe, ili mnyama asikimbilie mihogoni. Mama mkwe hakuwa na mume wala mtoto wa kiume, basi nikajitolea mbele ya watu wote.

Katika kisiwa kizima, mjinga mmoja tu ndiye angekwenda kusasa nguruwe na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Ilikuwa Ijumaa, nami nilipanga nikitoka pale niende moja kwa moja msikitini, wakwe zangu waone kijana wa mjini alivyo nadhifu. Mkubwa wa wasasi alinitazama kuanzia kofia hadi viatu, akaniuliza kwa upole kama sina shuka kuukuu. Nikamjibu kwamba sitarajii kuchafuka.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa mawe yaliyopangwa tu, bila chokaa, unanifika kiunoni. Mbwa walipoanza kubweka, nikagonga debe kwa bidii zangu zote. Ghafla mbwa mmoja aliyelowa umande akachomoka kichakani, akanijia mimi, mkia unacheza. Nguruwe sikumwogopa, maana sikuwa nimemwona. Nilichokiona ni mbwa majimaji na kanzu yangu, na najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, na adhana iko karibu. Nikatupa debe, nikauparamia ukuta.

Ukuta ukaporomoka pamoja nami. Nilikuwa bado chini, natafuta kofia, nguruwe alipopita penye lile pengo, akaingia mihogoni. Mbwa wakamfuata, na wanaume ishirini wakawafuata mbwa. Wakamuua katikati ya shamba. Muhogo uliosalia, mchanga bado, haujatia kitu cha kuliwa, ulilala chini wote kwa miguu ya watu.

Mama mkwe akaja na mke wangu, akatazama. Wakati huo mbwa yule alikuwa ananilamba mkono kama tuliopotezana siku nyingi. Ningefurahi kama angenitukana. Kwa heshima ya ukwe hakunisemesha kabisa, alimgeukia binti yake tu.

"Mtekee mumeo maji ajitahirishe," alimwambia. "Asikose sala."

Kisima kilikuwa mbali. Mke wangu akaenda, nami nikakaa juu ya jiwe nikimngoja, huku mama yake anaokota mawe moja moja na kuupanga upya ukuta wa shamba ambalo halikuwa na kitu tena. Niliona aibu ambayo sijaiona kabla wala baada ya siku ile. Nikataka kumsaidia. Akanionyesha kwa mkono nisiguse.

Mwezi haukwisha akaja mjini, na nguo zake kwenye kifurushi kimoja. Nilimpokea mlangoni kwa shikamoo, akaitika marahaba bila kuniangalia. Siku ile mke wangu alipika wali na samaki, tukakaa mkekani sote watatu. Mama mkwe akala matonge matatu, akanawa.

Nikamsihi aongeze.

"Nshashiba, mwanangu," akasema.

Hakuwa ameshiba, na hakuna aliyethubutu kuyainua macho kutoka kwenye sinia.