Sijafika, Bibi

Hapa Mayfair, mtaa wa Johannesburg, kuna mama mmoja hunyunyiza maji mbele ya duka lake kila asubuhi kabla ya kufagia. Nikiipata ile harufu ya vumbi lililolowa, roho huniruka mpaka Tanga, na jamani, mtu mzima mimi hulia njiani.

Mama alinileta Johannesburg mwaka 2015, nina miaka tisa. Bibi mzaa mama ndiye aliyenilea, tukilala kitanda kimoja. Kwetu msafiri akiondoka, nyumba haiguswi na fagio mpaka afike, la sivyo utakuwa umemfukuza. Bibi alilishika hilo kwelikweli. Alfajiri ya safari akaniambia, "Mke mwenzangu, chumba chetu sikigusi. Ukifika, niambie mwenyewe."

Basi nikapiga hesabu zangu za kitoto. Nisiposema nimefika, hafagii. Asipofagia, niko njiani bado, na aliye njiani anaweza kurudi.

Tuliteremka kwenye basi miguu imevimba. Mama akanipa simu nimwambie Bibi tumefika.

"Shikamoo, Bibi. Mimi sijafika."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Wiki ya pili hakucheka tena. Nilishavaa sweta la shule, nilishajua kusema "eish" kama wenzangu, lakini kila Ijumaa kwenye simu nilikuwa safarini.

"Umefika wapi leo?" Bibi huniuliza.

"Zambia, Bibi."

"Haya, mama. Taratibu."

Kisha akaanza kukohoa. Kila nikisema bado, kikohozi kinambana, simu inakaa kimya, anarudi na sauti imemkwaruza. Nikaogopa. Analala kwenye vumbi kwa ajili yangu! Nililia chini ya blanketi, na Ijumaa iliyofuata nikaishika simu kwa mikono miwili.

"Bibi, nimefika. Fagia."

Akakohoa kuliko siku zote.

Bibi alifariki mwaka 2019, kabla sijaenda kumwona. Katikati ya kilio nikamwambia Mama kwamba ni kile kifua chake kilichomwua.

Mama akanishangaa. "Kifua gani? Bibi yako alikuwa na presha. Kifua hajaumwa hata siku moja."

Sikuelewa, mpaka nilipokua nikaanza na mimi kujikohoza kwenye simu ili wa upande wa pili wasijue ninalia. Siku ile nilidhani ninamwondolea vumbi. Kumbe nilikuwa ninamwambia kwamba sirudi.