Sufuria ya Hitima

Wenzangu wa jumuiya ambao hamkuweza kusafiri mmeniuliza yaliyotokea Tongoni, na kila mmoja amesikia lake. Nitayaeleza kwa mpangilio wake.

Mchungaji alitutuma, mimi na wanakwaya, kwa sababu hii. Waumini wachache wanaoishi Tongoni hawana kanisa. Husali uani kwa Bi Mwanaisha, mama wa Kiislamu ambaye amempangisha chumba muumini mwenzetu, Mama Elia. Mama Elia ni mjane, Mshambaa wa Mlalo. Mumewe alikuwa kibarua wa mkonge, yeye mwenyewe sasa anauza mboga. Tulitakiwa kwenda kuwatia moyo na kuwapa somo. Somo nililichagua mwenyewe: ile sehemu ya waraka kwa Warumi inayohusu chakula, kwamba mwenye uhuru wa kula aangalie asimwangushe mwenzake kwa uhuru huo. Nililiandaa wiki nzima.

Jumamosi asubuhi, Makorora. Pikapu ya kuazima ilikuwa imeegeshwa mbele ya nyumba ya Mama Tumaini, mpishi wetu wa shughuli zote. Alitoka na ndoo mbili zenye vifuniko. Ya kwanza ilikuwa na wali. Ya pili aliifunua kidogo ninuse: nyama ya nguruwe, ile ambayo mjini tunaiita kitimoto, iliyokaangwa kwa ndimu na pilipili.

"Wenzetu kule wamezungukwa na Waislamu," alisema. "Wataipata wapi? Leo wafurahi."

Nilimwambia amefikiri vizuri. Nilionja kipande, nikaongeza cha pili.

Barabara ya Pangani. Tulipita Mwambani, minazi ikianza kusongamana pande zote, na mara mojamoja bahari ikionekana nyuma ya mikoko. Wanakwaya waliokaa nyuma waliimba. Mimi nilikaa mbele nikirudia somo kwa sauti ya chini.

"Baba Joshua," Mama Tumaini alinigusa bega, "ukihubiri kama unavyonong'ona, nyama itapoa tukuchukie."

"Utaipasha moto."

"Nitaipasha. Wewe fupisha tu."

Tongoni. Mama Elia alitupokea barabarani, akatupitisha njia ya mchanga hadi uani. Mimi hupenda kuangalia vitu nikifika mahali pageni, na siku ile niliangalia kila kitu. Nyumba ilikuwa moja, yenye milango miwili: wa Bi Mwanaisha na wa Mama Elia. Kwenye kamba palianikwa mkeka wa kusalia. Birika la udhu lilikuwa kando ya pipa la maji. Jiko lilikuwa banda moja la makuti, na Mama Elia alituambia kwa furaha kwamba wanapika pamoja. Anayewahi kuwasha moto humwachia mwenzake makaa.

Bi Mwanaisha alikuwa kibarazani akichambua mchele katika ungo. Tulimpa shikamoo, naye akaitikia bila kusimamisha mikono.

"Karibuni. Mtaniwia radhi, kesho nina hitima ya marehemu kaka yangu, leo nimefungwa na kazi. Uani ni kwenu."

Hayo yote niliyaona na kuyasikia. Mama Elia alipotoka kuwaita waumini wengine, Mama Tumaini aliingia jikoni, akachungulia nje na kuniuliza apashie wapi. Ndani palikuwa na sufuria kubwa iliyosuguliwa ikang'aa, imeegeshwa ukutani. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Chukua ile. Moto si umeshawaka?"

Kabla ya adhuhuri ibada ilianza. Waumini walikaa kwenye majamvi, nami nikasimama kufundisha. Nilisema upendo hauulizi tu ninaruhusiwa kula nini, huuliza pia ninakula wapi na mbele ya nani. Nilikuwa nimeyapanga vizuri maneno hayo, na wengine walitikisa kichwa kwa kukubali. Nilipofika hapo Mama Elia aliinua uso. Moshi ulikuwa ukitoka jikoni ukipita juu yetu kuelekea kibarazani. Alivuta pumzi mara mbili, akainuka, akaingia bandani. Mimi nikaendelea kufundisha.

Aliporudi mlangoni aliniita kwa mkono. Nilimaliza sentensi yangu kwanza, kisha nikaenda.

"Ni nguruwe hii?" aliuliza.

"Tumewaletea zawadi," Mama Tumaini alisema. "Kaonje basi."

"Mama Tumaini, hii ndiyo sufuria ya hitima."

Kutoka kibarazani tulisikia mchele ukipepetwa.

Mama Tumaini ndiye aliyesema kwanza. "Tuimwage kwenye ndoo, tuisugue kwa sabuni. Ataonaje?"

Mama Elia aliniangalia. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa msafara, na kitabu cha somo kilikuwa bado mkononi mwangu. Nikasema, "Ikishaoshwa vizuri si itakuwa safi tu."

"Kesho watu wote wa mtaa huu watakula ndani yake," Mama Elia alisema, "nami nitakuwa nawapakulia. Niwatazame machoni vipi? Baba Joshua, mimi tangu nihamie hapa sijala nguruwe. Hakuna aliyenikataza. Tunapikia moto mmoja, basi." Alifuta mikono kwenye khanga yake. "Nyinyi mna gari, mtaondoka. Mimi nalala hapa."

Akaenda kibarazani. Nilimfuata kwa nyuma, nikimwachia aseme yeye. Alipiga magoti, akaeleza bila kuzunguka, wala hakututaja kwa majina. Alisema "wageni wangu".

Bi Mwanaisha aliweka ungo chini.

"Sufuria ya mama yangu," alisema. Kisha akanigeukia. "Na wewe ndiye uliyekuwa unasema hapo, kwamba mtu aangalie anakula wapi?"

"Ndiyo, mama."

"Nilikuwa nasikiliza. Nilisema, leo wamepata mwalimu."

Akaagiza sufuria iletwe, na maji, na mchanga safi. Kwa taratibu zao chombo kilichoguswa na nguruwe huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mama Elia aliinama, akaanza. Nikavua saa nimsaidie.

"Wewe kaa," Bi Mwanaisha alisema. "Mikono yako bado ina mafuta."

Ilikuwa kweli; tangu vile vipande vya asubuhi sikuwa nimenawa kwa sabuni. Basi tulikaa kwenye majamvi, kwaya nzima na ndoo zetu, tukimtazama mwenyeji wetu akisugua mbele ya mwenye nyumba, huyu akihesabu kwa sauti. Ya saba ilipokwisha, Bi Mwanaisha aliigeuza sufuria, akaitazama.

"Imetwahirika," alisema. "Lakini kesho sitapikia hii. Moyo wangu haujatulia. Nitaazima." Kisha, kwa sauti ile ile: "Mama Elia, jikoni tutatengana. Na kusali hapa uani, nitasema na wanangu kwanza."

Alasiri, njia ya kurudi. Hakuna aliyeimba. Mama Tumaini alikuwa na ndoo ya nyama mapajani, akilia polepole. Nilimwambia si kosa lake, maana kidole kilichoonyesha ile sufuria kilikuwa changu.

Siku chache baadaye nilirudi peke yangu kuomba radhi. Bi Mwanaisha alinipokea kwa heshima, akanipa kahawa kibarazani, akanisikiliza hadi mwisho. Alisema amesamehe. Hakusema chochote kuhusu uani. Mama Elia hakufukuzwa, na kufukuzwa kwake ndiko nilikokuogopa zaidi njiani. Ila sasa anapikia mafiga matatu nyuma ya nyumba, penye jua, na Jumapili waumini wanabanana chumbani mwake mlango ukiwa umefungwa. Wale wanawake wawili bado wanasalimiana. Makaa hawaachiani tena.

Nilichojifunza ni kidogo na kinaniuma. Nilikuwa nimeandaa maneno juu ya kumwangalia mwenzangu, na mwenzangu huyo alikuwa hatua chache kutoka niliposimama, akichambua mchele. Hata baada ya kukosa nilipewa nafasi ya kusema kweli, nikachagua sabuni.

Siku hiyo ya kuomba radhi, wakati wa kuagana, nilimuuliza Mama Elia tuwaletee nini safari ijayo: mabati ya jiko, mchango, chochote. Alikuwa amechuchumaa akipuliza moto wake mpya.

"Mkija tena," alisema, "njooni mikono mitupu. Mle nitakachopika."