Ruta ya Nyumba ya Bi Wafaa

Ashrafu alikuwa fundi wa mtandao mtaani Dunda, Bagamoyo. Alianza na kutengeneza simu, akajifunza mengine mwenyewe, mpaka akakodi laini kubwa ya intaneti kwa kampuni moja ya Dar es Salaam na kuigawa kwa nyumba kumi na tisa, kila nyumba na ruta yake, kisanduku cha kusambaza intaneti bila waya.

Ruta zenyewe zilikuwa dhaifu. Simu zikizidi thelathini kwenye ruta moja, inaganda, mpaka mtu aizime na kuiwasha. Alipochoka kuitwa huku na huku, Ashrafu aliandika skripti, programu ndogo inayojiendesha, kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Kila baada ya dakika mbili skripti iliziuliza ruta zote, moja moja, zimeunganisha simu ngapi. Ikikuta zaidi ya thelathini, inaizima ruta ile na kuiwasha upya yenyewe, halafu inamtumia Ashrafu ujumbe. Watu wakamsifu kwamba mtandao wake haugandi. Naye sifa alizipenda, hilo hakulificha.

Bi Wafaa alifariki Jumatano, alfajiri. Mwanawe Hamoudi, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa naye. Binti yake, Thuraya, alikuwa Maskati, na ndege ya kumfikisha kabla ya maziko haikupatikana. Akamwomba kaka yake kitu kimoja tu: auone uso wa mama kwa simu kabla sanda haijafungwa.

Saa tano na nusu maiti ilikuwa imeshaoshwa. Nyumba ilijaa watu, na wengi walishawahi kufika pale, kwa hiyo simu zao ziliingia zenyewe kwenye ruta zikiwa mifukoni. Hamoudi akampigia dada yake, akaingia chumbani. Ashrafu alikuwa amesimama karibu na mlango pamoja na wanaume wengine. Akasikia sauti ya Thuraya ikisema, "Nisogeze, simwoni vizuri," na hapo hapo simu ikakatika.

Simu ya Ashrafu ikatikisika mfukoni. Ujumbe wa skripti: nyumba ya Bi Wafaa, simu thelathini na nne, ruta imewashwa upya.

Ruta iliporudi, simu zote za msibani zilirudi nayo, na skripti ikaikata tena. Chumba kile ni cha kuta nene za mawe, mtandao wa kawaida wa simu haufiki ndani. Hamoudi akapiga mara ya pili, ikakatika. Akatoka mlangoni, simu mkononi, macho mekundu, akamuuliza Ashrafu kuna nini.

Neno moja lingetosha. Angewaambia watu wazime mtandao kwenye simu zao, mambo yangekwisha. Lakini ingembidi aseme kwa nini, mbele ya wote wale waliokuwa wakimsifu. Akajibu, "Kampuni ya Dar inasumbua leo, Ami."

Hamoudi akajaribu mara ya tatu, ikawa vile vile. Waliokuwa wakishughulikia maiti wakamwambia kwa upole kwamba wakati umekwisha. Sanda ikafungwa. Baada ya adhuhuri wakazika, na Ashrafu alibeba jeneza pamoja na wenzake.

Nyumbani alifungua kumbukumbu za skripti akazisoma: mistari mitatu, saa na dakika zake. Akaizima skripti, ila hakumwambia mtu, hata mkewe Mwanamkasi, aliyemuuliza kwa nini hali chakula. Hitima ilisomwa naye akahudhuria, akila kichwa chini.

Wiki ya tatu Hamoudi alimfuata. Alisema anakwenda Dar kwenye ofisi ya ile kampuni kulalamika, na anataka Ashrafu awe shahidi wake, kwa kuwa yeye ndiye anayejua lugha yao ya kifundi. Ashrafu alishindwa kukataa. Wakaondoka na gari la Hamoudi, na njia nzima mzee alikuwa akipanga maneno ya kuwaambia. Walipofika Kerege, Ashrafu akamwomba asimamishe gari pembeni.

"Ami, si kampuni. Ni mimi." Akaeleza yote: skripti, simu thelathini, ule ujumbe mfukoni.

Hamoudi alikaa na mikono yake juu ya usukani. Kisha akauliza, "Ulijua pale pale?"

"Nilijua."

Mzee hakumtukana. Alitoa simu, akampigia dada yake, akampa Ashrafu. "Mwambie mwenyewe."

Ashrafu akamweleza Bi Thuraya, akirudia maneno kila aliposhindwa kuendelea.

"Nilidhani Hamoudi amenikatia makusudi," Thuraya akasema. "Kwa sababu sikuja miaka sita. Tangu siku ile sipokei simu zake, leo nimepokea kwa bahati tu. Mwambie nitampigia jioni." Akakata. Habari ya kusamehe hakuitaja.

Ashrafu akarudisha simu na kufikisha ujumbe, Hamoudi akageuza gari. Hadi Bagamoyo Ashrafu hakuweza hata kumtazama usoni.

Skripti aliiandika upya. Sasa haizimi kitu. Inampa habari tu, naye huenda kwa miguu, hupiga hodi na kuuliza kwanza kama kuna mtu anazungumza.

Mwezi wa Rajabu Thuraya alikuja kuzuru kaburi la mama yake. Siku ya pili intaneti ikamsumbua, Hamoudi akamwita Ashrafu, maana fundi mwingine mtaani hakuna. Alimkuta Thuraya ukumbini, mama wa makamo, mtandio mweusi begani.

"Shikamoo, Bi Thuraya."

"Marahaba." Akamwonyesha ruta ilipo.

Ashrafu alifanya kazi akiwa amepiga magoti. Alipomaliza, Thuraya alimshukuru kama anavyoshukuriwa fundi yeyote, akaenda ndani kuzungumza na wanawe walioko Maskati. Ashrafu akakusanya vifaa vyake, akatoka.