Hakuna Radhi Mtaa wa Narung'ombe

Swaumu aliporudi kwa wazazi wake Kariakoo alikuwa mjane mtu mzima, na cherehani yake ilikuwa begani mwa mchukuzi. Hakuitwa. Baba yake, Mzee Abdulswamad, alisimama mlangoni na macho yake yaliyokwishapofuka kwa presha ya macho, akamwambia, "Kama umekuja kutuuguza, rudi Buguruni. Kama umekuja kula, pita ndani."

"Nimekuja kula, Baba," akajibu, akapita na cherehani yake.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, ya ukumbi katikati na vyumba huku na huku, choo uani. Huo Mtaa wa Narung'ombe sasa ni maghorofa matupu. Nyumba ya mzee imebaki chini hapo kama jino la mtoto. Aliijenga kwa mgongo wake, enzi akiwa kuli bandarini, na alikwisha kuapa kwamba atatoka humo kwa jeneza. Mkewe, Bi Tatu, aliapa hivyohivyo, ingawa kiharusi kilikuwa kimemlegeza mkono wa kushoto.

Kukaa nao ilikuwa kazi. Bi Tatu aling'ang'ania kukaanga vitumbua vyake kwa mkono mmoja. Swaumu alipoficha karai, mama akanuna, hasemi na mtu, mpaka karai likarudi. Basi Swaumu akamjengea jiko pana la tofali ambalo hata ukilipiga teke halipinduki. Mzee naye alikataa fimbo. "Fimbo ya nini? Mimi kipofu?" Kuongozwa chooni ndiyo kabisa, hataki hata kusikia. Swaumu akafunga kamba ya katani kutoka mlango wa chumba, ikapita ukumbini, ikatoka uani mpaka chooni. Mzee alipoigusa mara ya kwanza akafoka, "Nani katundika kamba ya nguo humu ndani?" Lakini kuanzia hapo aliishika, akaenda mwenyewe na kurudi mwenyewe, kichwa juu.

Tatizo lilikuwa Idrisa, mdogo wake Swaumu. Idrisa ni wakala wa kutoa mizigo bandarini, ana nyumba Kinyerezi na marafiki wenye suti. Alitaka pale pasimame ghorofa. Aliwaambia wazazi wakakataa, akarudia wakakataa, kisha akanyamaza. Swaumu alidhani amekubali.

Ilikuwa mwezi wa Rajabu. Swaumu alitoka asubuhi kwenda Posta kumchukulia baba yake dawa ya macho. Nyuma, Idrisa akaja na gari na dereva. "Baba, Mama, twendeni Chanika mkapunge upepo, jioni nawarudisha." Wakapanda. Swaumu aliporejea, jua lilikuwa linawaka juu ya kitanda cha mama yake. Mafundi walikuwa wameng'oa mabati yote na kuyapanga kando ya barabara. Ile kamba ilikuwa imetupwa mtaroni.

Akampigia Idrisa.

"Dada, nyumba ile mbovu, ingewaangukia," Idrisa akasema. "Wazee wako salama. Nimewatafutia pahala pazuri."

"Wapi?"

"Utaambiwa ukitulia."

Hakuambiwa. Majirani walisikia Chanika ikitajwa, basi siku zilipita anazunguka huko akiuliza nyumba kwa nyumba, mpaka Beno, dereva aliyewapeleka, roho ikamsuta akamwelekeza. Kilikuwa chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha tofali. Mwanamke aliyekodiwa kuwaangalia alikuwa ameondoka tangu asubuhi kwenda kwenye shughuli zake. Mzee Abdulswamad alikuwa sakafuni, mgongo ukutani. Alikuwa amepapasa kuta zote akitafuta mlango wa kwendea haja, hakuupata. Kikoi chake kilikuwa kimelowa.

"Nani huyo?"

"Mimi Swaumu, Baba."

Mzee akageukia ukutani. "Usiniangalie."

Pembeni Bi Tatu alikuwa amejilaza kwenye mkeka, midomo imekauka. "Nimewaambia sili," akasema kwa ulimi wake mzito. "Nitakula kwangu."

Swaumu alimbadilisha baba yake kikoi. Anasema siku hiyo hakulia. Alihisi tu kitu kimeingia kifuani kikakaa, na hakikumkera, alikikaribisha.

Akawarudisha Kariakoo, kwenye nyumba ya mapaa matupu. Manubhai, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara, alitoa turubai na misumari bila kuombwa. Vijana wa mtaani wakayarudisha mabati juu. Mjumbe akaja kuwaambia mafundi kwamba mwenye nyumba yu hai na hajauza, na atakayegusa bati tena atalala ndani. Swaumu akafunga kamba mpya.

"Umlaani tu huyo, Swaumu," Manubhai akamwambia.

"Laana inachelewa, Manubhai," akajibu. "Mimi nasubiri."

Hakusubiri sana. Miezi kadhaa baadaye habari zikaenea: Idrisa anakwenda hijja, yeye na mkewe, na nyumbani kwake kuna dua ya kuagwa. Idrisa mwenyewe akapiga simu, sauti ya asali. "Dada, naomba radhi za wazee. Hata kwa simu tu zinatosha."

"Radhi za simu?" Swaumu akasema. "Hapana, mdogo wangu. Nitawaleta wenyewe."

Idrisa alifurahi mno. Swaumu alijua anachokifanya. Mdogo wake Mungu anamwogopa kidogo, lakini watu anawaogopa sana. Akapiga pasi kanzu ya baba yake, akamvisha mama yake baibui jipya alilolishona mwenyewe.

Kinyerezi kulikuwa kumejaa. Walikuwepo watu wa bandarini, majirani, na Mzee Safari, baba mkwe wa Idrisa, mtu anayeheshimika. Pilau ilikuwa inanukia. Baada ya dua, sheikh akamgeukia Mzee Abdulswamad. "Mzee wangu, mwanao anasafiri kwenda nyumba ya Mwenyezi Mungu. Una radhi naye?"

Kabla mzee hajafumbua mdomo, Swaumu akasimama upande wa wanawake. "Sheikh, samahani. Mwulize kwanza Idrisa, mwezi wa Rajabu aliwalaza wapi wazazi wake."

"Dada, kaa chini!" Idrisa akasema.

Hakukaa. Alieleza mabati, alieleza Chanika, alieleza mama aliyegoma kula. Alipofika kwenye kikoi aliuona mkono wa baba yake ukimpungia anyamaze. Aliuona, na akasema vilevile. Akasema mbele ya wote jinsi alivyomkuta baba yake amejikojolea kama mtoto, sakafuni, kwa sababu mwanawe wa kiume alitaka ghorofa.

Sheikh akarudia swali lake, polepole.

"Leo sina radhi," Mzee Abdulswamad akasema.

Mzee Safari akainuka, akavaa viatu vyake. "Binti yangu hapandi ndege hiyo," akamwambia Idrisa. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, pilau ikabaki kwenye masinia.

Baada ya hapo Idrisa alikuja Narung'ombe kila kukicha. Swaumu alikuwa barazani na cherehani, hainui kichwa. "Baba amelala," anamwambia, na mzee anaitikia kutoka ndani, "Sijalala. Ila radhi sina." Mtaa mzima ulikuwa unatazama wakala wa bandarini akisimama juani kama mwombaji. Siku ndege ya mahujaji ilipoondoka, Swaumu alinunua halua akagawa dukani kwa Manubhai.

"Sherehe ya nini?" Manubhai akauliza.

"Ndege imeondoka," Swaumu akasema, akajilamba vidole.

Idd ilipopita, Mzee Abdulswamad alivuka barabara ameshikwa mkono na Manubhai, akaomba simu, akamwita Idrisa. Swaumu alitoka sokoni akamkuta mdogo wake amepiga magoti ukumbini, mkono wa baba uko kichwani mwake.

"Baba! Hata kuniuliza?"

"Nikuulize nini? Radhi ni zangu."

"Baada ya yote aliyokufanyia?"

"Yeye aliniacha nikalowa peke yangu chumbani. Wewe ukanilowesha tena mbele ya watu, na mkono wangu uliuona. Yeye kaja kuomba msamaha. Wewe je?"

Swaumu alikaa chini palepale, kikapu cha nyanya mapajani. Mwishowe akasema, "Nisamehe, Baba," na mzee akasema amekwisha kumsamehe, na sasa anataka chai.

Swaumu alimwomba msamaha baba yake tu. Idrisa hakumwomba, wala hajamsamehe. Hajioni ana kosa kwake. Siku hizi Idrisa huja kila Ijumaa na samaki. Swaumu huwapokea samaki, huwapika vizuri kwa nazi, huwapakulia wazazi, hujipakulia mwenyewe, kisha Idrisa. Salamu yake haiitikii.

Juzi Bi Tatu alimwona mwanawe amesimama na sahani mkononi. "Swaumu, mpe nduguyo kiti."

"Kiti kina kazi, Mama," Swaumu akasema, akakiwekea vitambaa vyake.