Meli ya Angani Iliyopimwa kama Ngamia

Hakuna ngamia aliyewahi kunidanganya, na anayebisha aulize sokoni Isiolo. Juzi nilienda saiba, duka la kompyuta, kutoa kopi ya kitambulisho, nikamkuta binti wa kaunta ameshika shavu mbele ya kompyuta. Alitaka kununua meli ya mizigo inayoruka angani, ndani ya mchezo wa mtandaoni. Akiba yake yote ya mchezoni ingeishia hapo.

"Umeiona ikiinuka na mzigo?" nikamuuliza.

"Nimeijaribu, mzee. Inaruka kama ndege."

"Ikiwa tupu?"

"Tupu."

"Basi bado hujaiona, mama. Ngamia wa mizigo tunampakia kwanza, ndio tunamwangalia akisimama."

Akamwandikia mchezaji mwenzake mwenye meli kama hiyo, naye akaijaza yake mpaka mlangoni. Ikatetemeka, ikainua nyuma, kisha mbele, polepole, nyota zikiipisha njia. Nikajikuta napiga ulimi kuituliza.

"Nunua," nikaamuru.

Akanunua, kisha akanitazama kwa makini. "Na kengele ya ngamia tutaifunga wapi, mzee?"

Nikachukua kopi yangu nikaenda zangu. Lakini tangu siku hiyo, giza likiingia natazama juu upande wa Burat, nje ya mji, na kutega sikio nisikie kengele. Msinicheke. Jana niliisikia meli ikipita, na ilikuwa imebeba mzigo.