Dakika Kumi za Mama Barafu

Mama Barafu hakupewa jina hilo kwa upole wake. Miaka kumi na tisa maabara, kila damu ya kupima homoni aliibeba mwenyewe ndani ya kikopo cha barafu, na ole wake aliyemzibia njia kwenye korido.

Siku hiyo mezani alilala mwashi, mtu wa miraba minne, aliyevunjika mkono kwa kuinua ndoo ya saruji tu. Tezi moja ndogo shingoni ilionekana imevimba, inamwaga homoni inayokwangua kalsiamu kwenye mifupa na kuijaza kwenye damu. Daktari wa upasuaji, waliyemwita Bingwa, akaikata. Dakika kumi baadaye Mama Barafu akaibeba damu hadi maabara. Kama tezi mbovu ilikuwa ile tu, homoni ilitakiwa iwe imeshuka nusu au zaidi.

Haikushuka. Akapima tena. Ileile.

Akapiga simu chumba cha upasuaji. "Msifunge. Kuna tezi nyingine mbovu."

"Mama, kalsiamu yake iko juu mno," Bingwa alisema. "Ndiyo inayochelewesha homoni kutoka kwenye damu. Itashuka tu."

"Wapi! Homoni hiyo inaondolewa na ini na figo, na hazikai kungoja kalsiamu ishuke. Figo zake nimezipima asubuhi, nzima kabisa. Ikiwa bado imejaa, kuna mahali inamwagwa."

"Moyo wake hauvumilii usingizi mrefu wa dawa."

"Na usingizi wa mara ya pili je, utauvumilia?"

Bingwa akafoka: "Basi njoo uandike jina lako hapa. Likitokea la kutokea, ni lako!"

Mwingine angenywea. Yeye alivaa gauni la kijani na barakoa, akaingia, akaandika kwenye karatasi ya faili: "Homoni haijashuka. Nimewaambia wasifunge." Jina, herufi kubwa.

"Haya, tafuteni," akawaambia.

Wakatafuta, Bingwa akinung'unika muda wote. Dakika ya ishirini na tano wakaiona nyuma ya koo, imejibanza, nene kama harage. Ikatolewa. Damu nyingine ikachukuliwa, Mama Barafu akaikimbiza maabara, akaipima. Homoni ilikuwa imeporomoka.

Jioni Bingwa alimfuata maabara, karatasi ile imekunjwa mkononi, anajichekesha. "Dada, yameisha. Hii tuichane tu, isilete maneno."

Mama Barafu akaichukua, akaipapasa mpaka ikanyooka, akamrudishia.

"Irudishe kwenye faili, daktari. Mwashi kaamka. Akiuliza nani alisema asifungwe, aoneshwe jina langu."