Jumapili za Baba Ziwani

Wakati wa Mwingereza, kwetu Tengeru hakuna mtu aliyekwenda Ziwa Duluti mikono mitupu. Ulikwenda na ndoo, au na mundu wa kukatia ng'ombe majani. Baba yangu alikwenda na mikono mifukoni, kila Jumapili baada ya ibada, na viatu vyake vya kanisani. Shangazi zangu, ambao hawajawahi kukosa la kusema, wakasema ana mwanamke.

Mama aliwavumilia mpaka wakamchosha. Jumapili moja akanishika mkono, tukamfuata baba kwa mbali, tukipita kwenye migomba.

Tulimkuta amekaa peke yake kwenye mzizi wa mti. Mbele yake, juu ya gogo, mnandi alikuwa ametoka kuzamia samaki, ametandaza mabawa kama koti jeusi lililoanikwa. Baba alipotuona hakushtuka. Alisogea tu, akatupa nafasi. Mama akakaa. Tukamtazama yule ndege mpaka alipokauka, akaruka.

Nyumbani shangazi walikuwa wanangoja.

“Anatazama ndege,” mama akawaambia.

“Ndege? Kwani hapa hakuna kuku?”

Jumapili iliyofuata baba alikuwa na kikao cha wazee wa kanisa. Mama akashika njia ya ziwani peke yake, hana ndoo, hana mundu. Shangazi wakatazamana, wakasema basi, na yeye kapata mwanamume.